Jinsi ya kuotesha dughulushi (afrikan vayoleti) kwa jani moja, na ile ya msituni uiache ilipo

Wadau wa maua, naandika hii kwa sababu swali limekuwa la kila siku. Mtu akishajua tu kwamba afrikan vayoleti, lile ua dogo la bluu-zambarau linalouzwa kwenye vikopo Ulaya na Marekani, kwao ni kwetu Usambara, kitu cha kwanza anauliza "naweza kuchimba wapi?" Huna haja ya kuchimba. Mmea huu unazaa kwa jani, jani moja tu la mmea wa rafiki yako au wa kitaluni linakupa miche mitatu minne, wakati mwingine zaidi, na ukishaijua namna yake utakuwa unagawa mpaka majirani wakukimbie. Kwaiyo hapa nachanganya vitu viwili, jinsi ya kuulea nyumbani na jinsi ya kujua hali yake porini ikoje, maana mi naona ukivitenganisha ndo pale mtu anabeba jembe na kiroba anaelekea msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki.

Kwanza majina, ili ukisachi usipotee. Usambara wenyeji wanaita dughulushi na mi nitatumia hilo. Vitabu vingi vinaandika Saintpaulia, hilo limetokana na mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ambaye mwaka 1892 alimtumia baba yake Ujerumani mmea huu, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen kule Hannover akaipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Afu mwaka 2015 wataalamu wakaihamishia kwenye jenasi (yaani ukoo wa spishi zinazofanana) kubwa zaidi ya Streptocarpus, kwaiyo siku hizi utakuta Streptocarpus ionanthus na ni mmea ule ule. Sachi majina yote mawili, la sivyo nusu ya taarifa zitakupita.

Biashara yake ilianzia hapo hapo. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary kule Erfurt ikaanza kuuza, halafu mwaka 1926 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kikaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha, wakachagua miche 10 tu iliyo bora, na kati ya hiyo ndo kukatoka "Blue Boy" ambayo imezaa ukoo mkubwa sana wa hizi za leo. Sasa zingatia hili kwa sababu litakusaidia kwenye kulea: sehemu ya ile mimea ya mwanzo ilitoka kwenye mawe ya chokaa karibu na Tanga mjini, chini kabisa usawa wa bahari si mbali, na nyingine juu kwenye msitu wa Usambara kama mita 850. Yaani babu yake kalelewa kwenye joto la Tanga ila kwenye kivuli. Mtu akikwambia huu mmea hauwezi kukaa pwani mwambie ulizaliwa pwani.

Hali yake porini, na jinsi ya kuisoma mwenyewe

Watu wanauliza "je ipo hatarini au haipo?" kama vile jibu ni moja. Dughulushi siyo mmea mmoja, ni kundi. Zipo za Usambara Mashariki na Magharibi, zipo za milima ya Nguru, zipo za Uluguru, na Kenya kuna mbili za kutajwa, teitensis ambayo iko kilima cha Mbololo tu kule Taita, msitu wa kama hekta 200, na rupicola ya kwenye mawe ya chokaa upande wa Kaloleni, Kilifi. Nyingine zimekaa kwenye mlima mmoja, nyingine kwenye mawe machache kando ya kijito kimoja, ukitoka hapo ukatembea siku nzima huzioni tena.

Ukienda kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima hatari ya kila spishi, utakuta herufi. CR ni iliyo hatarini kabisa kutoweka, EN ni iliyo hatarini, VU ni iliyo dhaifu inayoelekea huko, NT imekaribia, LC haina wasiwasi kwa sasa, na DD maana yake taarifa hazitoshi (DD isikufanye utulie, inaweza kuwa ndo mbaya kuliko zote). Usiishie kwenye hizo herufi mbili, shuka chini utaona kitu kimeandikwa hivi, B1ab(iii), watu wanakiruka kumbe ndo chenye maneno. B inasema tatizo ni eneo dogo. B1 ni ukubwa wa eneo lote ukizungushia mstari kuanzia sehemu ya kwanza inapopatikana mpaka ya mwisho: chini ya kilomita za mraba 100 unaangukia CR, chini ya 5,000 EN, chini ya 20,000 VU. Ila eneo dogo peke yake halitoshi, lazima liambatane na mambo mengine, ndo hizo herufi ndogo, a ni kwamba mmea uko sehemu chache au umekatwakatwa vipande, b ni kwamba kuna kitu kinaendelea kushuka, na hiyo (iii) inasema kinachoshuka ni ubora wa makazi yake. Ukiisoma hivyo unaona kabisa, mmea hauliwi na mtu wala hauwindwi, nyumba ndo inabomolewa juu yake.

Kuna mtego mmoja hapa na mi huwa unaniudhi kidogo. Zamani spishi za dughulushi zilihesabiwa zaidi ya 20, alizitofautisha sana mtaalamu wa mimea B. L. Burtt wa Edinburgh, mpaka kwa aina ya vinyweleo vya kwenye jani. Mwaka 2006 kwenye kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki zikaunganishwa zikabaki 6, na nyingi zikawa spishi-ndogo chini ya ionantha. Kisayansi sina ugomvi, mimea hii inaingiliana sana na inazaliana. Ila angalia kinachotokea kwenye hatari: ukiwa na dughulushi kumi za vilima kumi, kila moja inaonekana iko pabaya, ukiziita zote jina moja ghafla unapata mmea wenye eneo pana unaoonekana una unafuu, wakati kule kilimani hakuna kilichobadilika, mawe ni yale yale na miti inakatwa ile ile. Kwaiyo ukiona ngazi ya hatari ya "ionantha" kwa ujumla usiridhike, uliza spishi-ndogo gani, ya kilima gani.

Kinachoiua ni mwanga. Hii mimea mizizi yake ni mifupi, imeshikilia kwenye ukungu wa kijani (ile mimea midogo laini inayotanda kwenye mawe mabichi) na udongo kiduchu juu ya jiwe, kivuli cha miti mikubwa ndo kinafanya jiwe libaki bichi. Ukikata mti mmoja juu yake, jua likapiga lile jiwe saa za mchana, majani yanageuka ya njano na kukauka. Usambara kilimo cha iliki kimefanya kazi hiyo miaka mingi na ni ujanja wa macho, maana mkulima wa iliki haangushi msitu wote, anasafisha vichaka vya chini anaacha miti mirefu kwa ajili ya kivuli cha iliki, ukiwa barabarani unaona msitu umesimama, ukiingia ndani chini pamefagiliwa. Pale Derema, Usambara Mashariki, wakulima walilipwa fidia waachie mashamba ya iliki ili msitu uungane. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaja wachimba dhahabu wadogo wakachimbua mabonde ya vijito, na vijito ndo makazi yake. Huku chini kwenye chokaa tatizo ni kuchimba mawe yenyewe, hapo hata kivuli hakisaidii kwa sababu nyumba imebebwa kwenye lori.

Ukitaka kuiona

Nenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilaya ya Muheza. Imetangazwa mwaka 1997, iko chini ya TFS yaani Wakala wa Huduma za Misitu, ina kama hekta 8,380, na ndani yake kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Unapanda gari Muheza, unapita geti la Sigi, unalipia, unachukua mwongoza wageni. Mwambie wazi unataka kuona dughulushi, wanajua mawe yake. Vaa viatu vinavyoshika kwa sababu utakuwa kando ya kijito na mawe yanateleza balaa, na asubuhi msitu unadondosha maji hata kama mvua haijanyesha.

Ukifika pale utashangaa ni mdogo kiasi gani. Umezoea picha za maua yaliyojaa kikopo, huyu wa porini ana maua machache tu, petali tano, bluu-zambarau ya kupauka, katikati vifuko viwili vya njano. Angalia kwa karibu kile kijiti chembamba kinachotoka katikati, kwenye ua moja kimeinamia kushoto, kwenye lingine kulia. Ile njano nayo haimwagi chavua ukiigusa, mpaka aje nyuki wa porini ashikilie na kutetemesha misuli ya mabawa ndo chavua itoke kwenye vitundu. Geuza macho chini ya jani (macho, siyo mkono) kwa baadhi utaona rangi ya zambarau iliyoiva.

Piga picha za kutosha: mmea mzima na jiwe lake, ua kwa mbele, jani juu, na jani kwa ubavu ili vinyweleo vionekane, maana bila vinyweleo mtaalamu hawezi kukwambia ni ipi. Usikanyage ule ukungu kwenye jiwe, ndo shamba lake lile, mbegu ni ndogo mno na zinaota hapo juu juu. Usivunje tawi ili picha ipate mwanga. Ukiwa na simu weka kwenye iNaturalist, ile programu ya kurekodi mimea na wanyama, spishi zenye ngazi ya hatari inazificha yenyewe, inaonesha mraba wa kama kilomita 22 badala ya nukta. Tatizo ni fesibuku na magrupu ya wasapu, huko hakuna anayekufichia, kwaiyo zima lokesheni kwenye kamera kabla hujatuma na usiandike "mita mia kutoka kwenye daraja la wapi".

Na kuchukua hata jani moja pale ni kosa, siyo kwamba nakutisha, kuchukua mmea hifadhini kunahitaji kibali na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ipo. Watafiti wenyewe wanahangaika na vibali, sembuse sisi wa madirishani.

Kupata jani la halali

Njia rahisi ni mtu mwenye nao. Siku hizi Dar, Arusha, Nairobi vitalu vingi wanao na magrupu ya wapenda mimea wanagawana majani bure au bei chee. Ukinunua barabarani angalia kidogo. Za kitaluni huwa zina maua ya kila aina, pinki, nyeupe, yenye kingo za kukunjamana, petali mbili mbili, na ziko kwenye kikopo zimeshika vizuri. Ukiletewa mimea ya ukubwa tofauti tofauti imefungwa kwenye gazeti bichi, mizizi nje ina ukungu wa msituni, majani yamechanika, maua ya bluu ya kawaida, na muuzaji anajisifu "hii orijino kabisa imetoka Amani", muache. Hata ukimhurumia ukanunua, kesho anarudi kuchimba nyingine. Na nakuhakikishia haitakaa, mmea uliong'olewa kwenye jiwe ukahama kwenda sebuleni mara nyingi unaoza moyo, yaani pale katikati panapochipua majani.

Kuna watu wanatamani zile za Uluguru, goetzeana na wenzake, vidogo vizuri sana. Hizo ni za baridi ya juu mlimani, wenye mitambo Ulaya wenyewe zinawashinda. Dar zitakufa. Basi.

Kuotesha

Chagua jani la duara la katikati. Yale ya nje kabisa yamezeeka, yale ya ndani bado machanga na ukiyatoa unauharibu mmea wa mwenzio. Livute kwa pembeni litoke na kikonyo chake chote, halafu ukate kikonyo kwa wembe safi, mshazari, ubakize sentimita 2.5 mpaka 4. Mshazari kwa sababu watoto watatokea pale pale kwenye jeraha, ukilipa jeraha refu unapata nafasi zaidi, na upande uliokatwa uangalie juu, upande mmoja na uso wa jani. Liache dakika kumi kumi na tano hivi jeraha likauke. Jani likiwa kubwa sana kata ncha ya juu theluthi moja, halitaumia, litaacha kujikuza na nguvu itaenda chini.

Udongo ndo watu wanapokwama. Usitumie udongo wa bustani, na tafadhali usiende kukusanya "udongo wa msituni" maana huko ndo tumekataa kwenda. Kumbuka porini mizizi yake inakaa kwenye kitu chepesi kinachopitisha hewa. Kwa hapa kwetu kitu bora ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, yale wanaita kokopiti, Tanga na pwani yote yamejaa. Yaloweke kwenye maji, uyakamue, urudie mara mbili tatu kwa sababu yana chumvi. Changanya sehemu mbili za kokopiti na sehemu moja ya perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vya kuchanganya na udongo) ukiipata, usipoipata weka mchanga wa mto ulioosha mpaka maji yakawa meupe, au chenga za mkaa. Mboji kidogo sana weka baadaye wakati wa kuhamisha miche, wakati wa jani hapana, inaozesha.

Chukua kikopo cha yogati, toboa chini, jaza, lowanisha kisha acha maji yachuje mpaka ukishika usikie ubichi ila ukiminya kisitoke kitone. Chomeka kikonyo sentimita 1 au 1.5 tu, kwa kulalia kidogo. Watu wanakidumbukiza chote mpaka jani linagusa udongo, linaoza. Halafu linahitaji unyevu wa hewani, hapo zamani tungesema vika rambo ila rambo zimepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na wala huihitaji, kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati, ifunike kwa juu, kifuniko ukiache ndo dirisha lake. Ukiona ndani matone yanatiririka fungua kifuniko. Weka sehemu yenye mwanga wa kusomea gazeti ila jua lisiguse hata dakika, jua likiingia kwenye chupa unapika mboga.

Sasa subiri. Wiki tatu mpaka nne mizizi inatoka, utajua kwa kulivuta kidogo sana, likikataa limeshika. Usilivute kila siku. Kuanzia wiki ya sita hadi ya kumi, wakati mwingine zaidi kukiwa na baridi, utaona kwenye udongo karibu na kikonyo vijani vidogo vya kijani vinachungulia, huwa vinakuja kwa kundi. Waache wakue mpaka majani yao yafike upana wa sarafu, kama sentimita 2, ndo utoe kikopo chote, ubomoe udongo taratibu kwa vidole, uwatenganishe. Kila mmoja hakikisha ana vijizizi vyake na moyo mmoja tu. Jani mama kama bado gumu likate kikonyo upya urudishe, linazaa tena.

Maua yanaanza miezi sita mpaka tisa tangu kuotesha ukiwa na mwanga mzuri. Anayekwambia miezi miwili anakuuzia kitu.

Kuulea

Kikopo kidogo. Hii narudia kwa sababu sisi tunapenda kuupa mmea nafasi "ujiachie". Dughulushi anachanua akibanwa, kipenyo cha kikopo kiwe theluthi ya upana wa mmea wenyewe, ukimuweka kwenye ndoo atatoa majani na mizizi itaoza kwenye udongo mbichi asioufikia.

Mwanga, dirisha la mashariki ni zuri kuliko yote, jua la asubuhi likichujwa na pazia jepesi. Kwetu huku jua la mwezi wa sita linakaa upande wa kaskazini na mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini kidogo, kwaiyo dirisha lililokuwa salama Desemba linaweza kuunguza Juni, zungusha vikopo kulingana na msimu. Mmea wenyewe utakwambia: majani yakisimama juu kwa vikonyo virefu unataka mwanga zaidi, yakijilaza na kukumbatia kikopo huku yakipauka umezidisha. Ukiwa ghorofani kwenye nyumba ya giza taa ya LED nyeupe ya kawaida inatosha, sentimita 25 mpaka 30 juu ya majani, masaa kumi na mawili kwa siku.

Maji. Usimwagie majani, hasa maji ya baridi ya kutoka kwenye friji au tenki la alfajiri, yanaacha madoa ya kudumu. Mimi napendelea utambi: kata kamba ya nailoni au kipande cha soksi ndefu ya kike, ipitishe kwenye tundu la chini mpaka katikati ya udongo, upande wa pili uning'inie kwenye kopo la maji. Mmea unakunywa wenyewe, unaweza kusafiri wiki nzima bila kumpigia mtu simu. Ila utambi unataka udongo mwepesi, ukiwa na mfinyanzi unamuua kwa kiu ya hewa. Kama hutaki utambi, weka kikopo kwenye sahani ya maji dakika ishirini, utoe, umwage yaliyobaki, usirudie mpaka udongo wa juu ukauke ukiugusa.

Maji ya kisima kwa wenzangu wa Dar ni janga. Yana chumvi, baada ya muda utaona gamba jeupe kwenye mdomo wa kikopo, na kikonyo kikilalia pale kinachubuka na kuoza, watu wanadhani ni ugonjwa. Kinga mvua. Maji ya bomba yenye klorini yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi. Na mara moja kwa mwezi mwagia udongo maji mengi kutoka juu yapite yote, uoshe chumvi.

Joto analotaka ni nyuzi 18 mpaka 27. Januari Dar inafika 32 na zaidi, maua yatadondoka, usihangaike kumpa mbolea wakati huo, mpe hewa, muweke chini karibu na sakafu ya saruji ambako ni baridi, usimpulizie feni moja kwa moja. Akivuka Machi anarudi. Lushoto na Arusha hamna shida hiyo ila Julai usiku msogeze mbali na kioo cha dirisha.

Mbolea, ile ya maji ya NPK 20-20-20 ya duka la pembejeo, robo ya kipimo kilichoandikwa, kila baada ya wiki mbili. Siyo nusu, robo.

Majani ya chini yanazeeka, yatoe, na taratibu mmea unabaki na shingo ndefu tupu. Hapo wengi wanautupa. Utoe kwenye kikopo, kata mizizi ya chini kiasi cha urefu wa ile shingo, kwangua shingo kidogo kwa kisu, urudishe kikopo kile kile shingo ikiwa imezikwa. Unakuwa mpya. Ukiona watoto wanachipua pembeni kwenye makwapa ya majani wang'oe kwa ncha ya penseli wakiwa wadogo, la sivyo umbo linaharibika, na hao watoto nao wanaota.

Magonjwa nitapita haraka. Vidudu vyeupe vyenye unga kwenye makwapa, waguse na pamba yenye spiriti, tenga mmea. Majani ya katikati yakiwa magumu, madogo, yamejikunja na yana vinyweleo vilivyosongamana, huyo ni utitiri, haonekani kwa macho, na kwa kweli mmea ukifika hapo funga kwenye mfuko tupa, usijaribu kuuokoa ukaambukiza vingine kumi. Mmea ukilegea wakati udongo ni mbichi mizizi imeoza, usimwage maji tena kwa huruma, kata majani mazima uanze upya na jani.

Usiirudishe msituni

Hii inatoka kwa watu wenye roho nzuri kabisa, mtu amelea miche hamsini anasema "tukaipande Amani tuongeze idadi". Hapana. Za kwetu hizi ni machotara ya miaka karibu mia, zikichanua karibu na za porini chavua inachanganyika, na dughulushi zinazaliana zenyewe kwa zenyewe bila shida, ile ya kilima fulani ambayo haiko popote duniani unaigeuza chotara wa Los Angeles. Juu ya hapo unapeleka utitiri na fangasi za kitaluni. Kurudisha mmea porini ni kazi ya watu wenye mbegu za kilima kile kile na kumbukumbu zilitoka jiwe gani. Miche yako hamsini igawe mjini, kila anayepata wa bure ni mteja mmoja kapungua kwa yule wa gazeti bichi.

Na kugawa ukiwa mbali ni rahisi kuliko unavyodhani. Jani linasafiri na basi kutoka Tanga mpaka Mbeya bila tatizo. Funga kikonyo kwa tishu iliyolowa na kuminywa, zungushia kipande cha nailoni cha kifungashio, jani lenyewe libaki kavu, liweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa, jaza tishu kavu pembeni lisichezecheze, andika jina la aina kwa kalamu ya risasi maana wino unafutika, afu mwambie konda asiliweke kwenye buti juu ya injini. Anayepokea akikuta limelegea asilitupe, aliloweke kwenye maji ya vuguvugu saa moja lisimame, akate kikonyo upya, aanze pale kwenye kikopo cha yogati.